Ukuta Ulioota Tumbo

Fundi alibandika vipande viwili vya kioo juu ya ufa, kimoja usawa wa macho yake na kingine karibu na sakafu, akavigandisha kwa jasi kila ncha, kisha akafuta vidole kwa kitambaa na kuniambia maneno ambayo sikuyapenda.

"Ukuta ukitembea, kioo kitakatika. Kikikatika msingoje mtu. Tokeni."

Nikamuuliza kama kutatangulia mlio wowote. Akasema pengine ndiyo, pengine hapana, yeye ni fundi si mpiga ramli. Nilitaka kumjibu, maana mimi ni mwanamke wa hasira za karibu, lakini nilikuwa namhitaji. Nikamshukuru, nikamsindikiza mpaka chini, nikapanda tena kuvitazama vile vioo. Tangu siku hiyo sikupita mbele ya mlango wa chumba kile bila kuchungulia.

Shida ni kwamba aliyetakiwa kutoka hakuwa mtu wa kutoka. Baba alifariki masika yakiwa bado hayajaanza, na mama akakaa eda kama mjane yeyote wa mji wetu: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, hana manukato, hana wanja, haonani na mwanamume asiyekuwa maharimu wake, na hatii mguu barabarani. Mjane wa namna hiyo sisi tunamwita kizuka. Chumba alichochagua kukaa kizuka chetu kilikuwa cha baba, ghorofa ya kwanza, na godoro lake alilitandika chini ya ukuta ule ule wenye ufa. Juu ya kichwa chake kulikuwa na ghorofa nyingine nzima ya mawe, na juu ya hiyo kulikuwa na paa lililokuwa likinywa mvua kutwa.

Riziki yangu mimi inatoka kwenye mawe. Ninatembeza wageni Mji Mkongwe, na wakitaka ninawapeleka kwenye magofu ya majumba ya kifalme kaskazini ya mji, au kule Mbweni kwenye magofu ya wamisionari. Wageni wanapenda siri. Ukiwaambia kwamba chokaa ya jumba fulani ilichanganywa na mayai, wanafungua macho na kuandika. Ukiwaambia kwamba ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu la magogo, yakalowekwa shimoni mpaka yakalainika, wanatazama saa. Mayai yote wanayohadithiwa wageni kama yangekuwa ya kweli, Unguja isingebaki na kuku hata mmoja. Lakini ninayasema, kwa sababu ndiyo yanayoliwa.

Siri yenyewe si ya ajabu, na naijua kama ninavyojua ngazi za kwetu. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kiasi cha mtu kukaa dirishani na miguu yake, zimeshikwa kwa chokaa na udongo. Mvua ikinyesha ukuta unakunywa maji, jua likitoka unayatoa. Sakafu zimelala juu ya boriti za mikoko, na mkoko haukui mrefu, ndiyo maana vyumba vyetu vyote ni vyembamba, hata vya wakubwa. Sultani naye alipimiwa chumba chake na mti. Na nyumba hizi hazisimami kila moja peke yake, zinaegemeana. Ukuta mmoja unabeba boriti zako upande huu na za jirani upande ule, kwa hiyo nyumba moja ikilegea, ya pili inajua.

Ukuta wetu ulioota tumbo ulikuwa wa namna hiyo. Tuligundua siku ya mazishi, tuliposogeza kabati la baba ili wanawake wapate nafasi ya kukaa. Nyuma ya kabati ukuta ulikuwa umefura kuja ndani, na lipu imepasuka kutoka dirishani kushuka chini. Mmoja wa waombolezaji akasema ni unyevu. Mimi nikaona si unyevu, lakini maiti alikuwa bado yumo ndani, nikavuta pazia pale mahali na kuendelea kugawa tasbihi. Jirani yetu wa upande wa pili wa ukuta ule, bibi wa rika la mama, alikuja naye. Alikaa karibu na mlango wa ngazi, akasoma alichosoma, akaondoka bila kusogea karibu na mama. Hilo halikumshangaza mtu. Nyumba zetu mbili hazikusemezana tangu mimi sijaanza skuli.

Siku ya vioo, fundi alipokuja, ilibidi tufanye maarifa. Mwanamume hawezi kuingia kwa kizuka hivi hivi, na kizuka hataki kuhama chumba. Nikafunga shuka kutoka nguzo ya kitanda mpaka kitasa cha dirisha, mama akakaa nyuma yake na kinu chake kidogo cha viungo, fundi akabaki upande wa ukuta. Wakasemezana kupitia kwangu, ingawa kati yao hapakuwa na hata hatua tatu.

"Mwambie mama, samahani kwa kelele," alisema fundi.

"Mwambie fundi asivunje kitu," alisema mama.

Fundi akaanza kugonga ukuta kwa mpini wa nyundo, kuanzia dirishani. Sauti ilikuwa nzito, ya jiwe lililoshiba. Alipofika penye tumbo ikabadilika, ikawa na uwazi ndani yake, kama dafu lililokwisha kunywewa. Akagonga tena juu, akagonga chini, akaweka timazi, ile kamba yenye risasi ya kupimia unyoofu, akaiangalia inavyojitenga na ukuta.

"Mwambie mama, hapa palikuwa na nini?"

"Hapakuwa na kitu," nikajibu mwenyewe. "Mie nimezaliwa nyumba hii."

Nyuma ya shuka, mchi wa mama uliokuwa ukitwanga hiliki ukasita. Tulingoja. Kisha akasema, "Mwambie fundi anywe chai kabla hajaondoka," na mchi ukaendelea.

Kusita huko nilikuwa nakujua. Mama hutwanga kila siku baada ya sala ya alasiri, tangawizi au hiliki kwa ajili ya chai, na mwaka ule wa mwisho wa baba nilimwona mara nyingi anaacha mchi hewani, ameinamisha kichwa, halafu anaendelea. Hilo nililiweka kwenye hesabu ya uzee.

Kaka yangu anakaa Mbweni, nyumba ya matofali ya saruji, choo ndani, gari uani. Nilipomwambia habari ya vioo alikuja siku ile ile. Alikuwa amekwisha kumuuliza sheikhe, na sheikhe alimwambia kwamba kizuka akihofia nyumba kumwangukia ana ruhusa ya kuhama, hana dhambi.

"Umesikia, mama?" akasema kaka. "Ruhusa ipo. Chumba nshakutayarishia."

"Sheikhe kasema naweza," alijibu mama. "Hakusema lazima."

"Unangoja nini hapa?"

"Eda yangu. Nimeianzia hapa, ntaimalizia hapa."

Kaka alinigeukia mimi kama vile ndiye niliyemfundisha maneno. Tukagombana ukumbini, kwa sauti za chini chini, kama tulivyokuwa tukigombana baba akiwa amelala. Yeye akasema nyumba hizi zimekufa zamani na sisi tumekataa kuzizika tu. Mimi nikamwambia alale na matofali yake. Alipoondoka nikajuta, kwa sababu hofu yake ilikuwa hofu yangu pia. Usiku huo na usiku uliofuata nililala kwenye mkeka miguuni pa mama, na kila boriti ilipolia nilisema shahada moyoni.

Mvua haikupumzika. Asubuhi ninawapeleka wageni magofuni, wananiuliza mbona nguzo zile bado zimesimama na paa halipo, na mimi ninajibu huku nafikiria tumbo la ukuta. Siku moja mgeni aliegemea nguzo nikamfokea aondoke. Alidhani naihurumia nguzo. Mchana nikirudi, kabla ya kuvua buibui, ninapanda moja kwa moja kutazama vioo.

Ilikuwa katika kutazama huko ndipo nilipoona jambo ambalo nilipaswa kuliona tangu siku tuliyosogeza kabati. Nyumba yetu yote imepigwa chokaa. Ukuta ule peke yake, na si wote, ni sehemu ya upana wa kabati tu, ulikuwa wa saruji. Mtu yeyote anayeijua kazi anajua kwamba chokaa haipigwi saruji juu yake. Saruji inauziba ukuta pumzi, maji yakiingia hayatoki, na kila mti uliomo ndani unaoza kimya kimya. Ninawaambia wageni maneno hayo kila wiki.

Nikamuuliza mama, naye amekaa pale pale chini yake. "Baba alikuwa na haja gani ya saruji mahali hapa tu?"

Akasugua mchi kwa kidole muda mrefu. Nilidhani atanituma chai tena.

"Palikuwa na mlango," alisema.

Ulikuwa mlango wa wanawake. Zamani, alisema, nyumba zilizoungana zilikuwa na mlango juu, ghorofani, ili mwanamke aende kwa jirani yake bila kushuka barabarani. Mama alipoletwa bibi harusi nyumba hii hakuwa na mtu. Aliyemfungulia mlango ule, akiwa na bakuli la kaimati, alikuwa bibi harusi mwenziwe wa upande wa pili. "Alikuwa shoga yangu," alisema mama. "Watoto wangu wote wawili kapokea yeye. Wewe ulianza kutambaa ukaenda kwake kwanza, ukarudi na mkono umejaa sukari."

Kisha masika ya mwaka mmoja waume zao wakagombana. Ugomvi ulikuwa wa maji. Mlizamu wa paa la jirani, ule mfereji wa kutupia maji ya mvua, ulivunjika ukawa unamwaga kwenye ukuta wetu, na baba akasema, na jirani akajibu, na maneno yakaenda kwa wazee wao makaburini. Baba alitoka akarudi na mawe na mfuko wa saruji. Hakuita fundi. Alasiri moja akauziba mlango kwa mikono yake, akapiga lipu, akasogeza kabati. Akamwambia mama, mimi nikiwa hai mlango huu haufunguliwi.

"Nawe ukakubali?"

"Alikuwa mume wangu."

"Na sasa kafa."

"Sasa niko katika eda yake," alisema mama, na macho yake yalikuwa makavu. "Nimvunjie neno lake hata kaburi halijakauka?"

Nilikuwa nimeelewa jambo ambalo lilikuwa likinitia baridi. Juu ya kila mlango kuna boriti zinazobeba ukuta wa juu. Baba hakuzitoa, alizifungia ndani. Kwa miaka yote hiyo zilikuwa zimekaa kizani na maji, na chini yake hapakuwa na ukuta, palikuwa na rundo la mawe.

Fundi nilipomweleza alivuta pumzi kwa meno. Akasema kazi inawezekana, ila haifanyiki upande mmoja. Itabidi tutoboe matundu juu ya mlango, tupitishe magogo manene ya kukaa katikati ya ukuta, na kila gogo lisimame juu ya nguzo upande wetu na upande wa jirani. Uzito ukishahamia kwenye magogo, ndipo mawe ya baba yatolewe na boriti mpya ziwekwe. Magogo atayapata Nungwi, kwa mafundi wa vyombo vya baharini. "Lakini mwenye nyumba ya pili akikataa," alisema, "mhamishe mama yako hata kwa kumbeba."

Kwa hiyo nikashuka, nikazunguka kona, nikagonga mlango ambao nilikuwa nikiupita utoto na utu uzima wangu wote bila kuuangalia. Alifungua bibi mwenyewe, mwembamba, kanga begani, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Nani kafa tena?"

"Hajafa mtu. Bado."

Nilimweleza pale pale kizingitini. Hakunikatiza. Nilipotaja mlango akacheka pumzi moja isiyo na furaha.

"Baba yako alinifungia mlango usoni, na mkono wangu una bakuli. Leo wewe wanijia na nyundo."

"Nnakuja kwa ajili ya mama."

"Mama yako mwenyewe kasema nini?"

Sikuweza kusema uongo. "Hajasema kitu. Hataki kuvunja neno la marehemu."

Alinitazama mpaka nikatazama chini. Halafu akageuka akaanza kupanda ngazi, na kwa kuwa hakuufunga mlango, nikamfuata.

Chumbani mwake, mahali ambapo kwetu palikuwa na saruji, mlango ulikuwepo. Mbao za msaji, mbawa mbili, komeo la chuma lililopakwa mafuta. Hakuwahi kuuondoa. Lakini mbawa nazo zilikuwa zimepinda kuja upande wake, maana ukuta ulifura pande zote mbili, na mbele yake alikuwa amepanga kasha zito la nguo, juu ya kasha gunia la mchele, na pembeni kinu kikubwa cha kutwangia mpunga, kimelazwa kikasukumizwa kwenye mbao kama kabari.

"Ukuta ulianza kunisukuma mwaka jana, masika yalipoanza," alisema. "Naongeza kitu, unasukuma. Naongeza kingine."

Nilishika ukingo wa kitanda chake. Tulikuwa tumelala upande ule, mimi na mama, tunasoma dua, na kilichokuwa kimetuzuia tusifukiwe ni kasha la mwanamke tuliyemnunia. Mawe ya mlango yangemwagika kwake, ghorofa ya juu ingetushukia sisi. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu, na mtu mwenyewe alikuwa kaburini.

Ndipo tukasikia, kupitia mawe, mchi wa mama. Ilikuwa alasiri. Sauti ilikuja ndogo lakini wazi, tangawizi ikipondwa. Uso wa bibi yule ukabadilika. Akasogea, akakunja vidole, akanyanyua mkono kugonga mlango.

Nikamdaka mkono. "Usiuguse, bi mkubwa. Usiuguse hata kidogo."

Mkono wake ulibaki ndani ya wangu, mwepesi na wa moto. Tukasimama hivyo tukimsikiliza mama akitwanga mpaka akamaliza. "Mlete fundi," alisema.

Niliporudi kwetu kioo cha chini kilikuwa kimekatika vipande viwili.

Sikumbuki nilivyompigia kaka simu, nakumbuka tu kwamba alifika na fundi wakakutana mlangoni, na kwamba kaka alipanda akiruka ngazi. Alimkuta mama ameketi kwenye msala, anasabihi. Akainama amnyanyue.

"Ukinitoa kwa nguvu," alisema mama, "radhi yangu huna."

Kaka akabaki ameinama, mikono wazi, mtu mzima mwenye mvi. Kwetu hakuna tishio kubwa kuliko hilo, na mama hajawahi kulitoa, hata tulipokuwa watundu. Fundi akakohoa nje ya mlango.

"Mwambieni mama," alisema, "ngazi zenu zimelalia ukuta huu huu. Watu watatu wakishuka na mzigo, wanakanyaga kwa vishindo, sijui. Ahamie chumba cha mbele, sakafu ya huko imekaa kwenye ukuta wa barabarani. Tutegemeze kwanza, habari ya kutoka baadaye."

Chumba cha mbele kilikuwa bado ndani ya nyumba. Mama alifikiri, akanyoosha mkono nimwinue. Magoti yake yana maradhi, kila hatua ni safari, na ile njia fupi ya ukumbi nilimsindikiza huku sikio langu liko nyuma yetu kwenye ukuta. Nilimkalisha dirishani. Alipokaa akasema kwa sauti ndogo kwamba kinu chake kimebaki.

"Kikae huko," nikamfokea. Kisha nikaomba radhi.

Magogo yalichelewa kwa mvua. Barabara ya kutoka kaskazini ilikuwa imejaa maji, na dereva kila akipigiwa anasema yuko njiani. Kaka alisimama barazani akingoja. Mimi nilikaa na mama, tunasikiliza. Saruji ilikuwa ikidondoka kule chumbani, punje punje, kama mtu anayemwaga mchele kwenye sinia. Mara ikikoma ni vibaya zaidi, maana unangoja.

Gari ilipofika waliyaingiza magogo manne, meusi, mazito. Fundi na wenziwe walitoboa juu ya tumbo kwa patasi, si kwa nyundo kubwa, wanang'oa jiwe kwa jiwe, na upande wa pili vivyo hivyo, bibi mwenyewe akiwa amesimama pale anawaamuru wasiguse kasha lake kabla ya wakati. Nguzo zikasimamishwa huku na huku, nyingine chini kwenye ngazi zetu mpaka ngazi zikazibika zote. Wakaanza kugongomea kabari chini ya nguzo, kidogo kidogo, kwa zamu, na fundi akiwaita kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. Ikasikika tahh, kavu, moja. Vumbi likatoka kwenye chumba likaja mpaka ukumbini. Mama akanishika kifundo cha mkono, na nikajua alikuwa na hofu kama sisi sote, muda wote ule.

"Umekaa," fundi alisema kutoka mavumbini. "Ukuta umekaa."

Walipoanza kutoa mawe ya baba nilikwenda kutazama. Yalitoka bila ubishi. Hayakuwa na chokaa hata kidogo, yalikuwa yamepangwa tu, moja juu ya jingine. Baba alikuwa mtu nadhifu wa mkono, alishona viatu vyake mwenyewe, hakuweza kuona msumari uliopinda akaupita. Lakini chokaa lazima ingojwe, na yeye siku ile hakuwa na wakati wa kungoja. Boriti za juu ya mlango fundi alizitoa kwa vidole, zilimomonyoka kama mkate uliolala. Nilimkasirikia maiti wangu pale, waziwazi, na katika kumkasirikia ndipo nilipomlilia vizuri kwa mara ya kwanza tangu azikwe.

Jiwe la mwisho lilipoondoka na kasha likasogezwa upande ule, mbawa za mlango zilijifungua zenyewe kidogo. Mwanga wa chumba cha pili ukaingia kwetu. Fundi akasema hapalaliki huku mpaka ukuta ujengwe upya, na kwamba ngazi sasa zimejaa nguzo. Njia iliyobaki ni hii tu. Kisha akawachukua wenziwe na kaka, wakapita upande wa pili na kushuka kwenda zao barazani, ili kizuka apite bila kuonwa.

Nilimwendea mama na maneno niliyoyatayarisha, juu ya ruhusa ya sheikhe na neno la marehemu. Nilikuwa tayari kupiga magoti. Alikuwa amekwisha kusimama, ameshikilia dirisha, kanga kajifunika.

"Nishike," alisema. "Hapo sitoki. Nahama chumba tu." Sikutaka kumuuliza sheikhe juu ya hilo, na mpaka leo sijamuuliza.

Tulikwenda polepole. Mbele ya magogo alisimama akaangalia kile kipande cha kioo kilichobaki kizima, kisha akaangalia shimo. Bibi alikuwa amesimama ng'ambo, mikono mitupu, kama hajui aiweke wapi. Waliangaliana. Nilianza kuhesabu nguzo ili nisiwatazame.

"Mwaka mzima nagonga," alisema bibi.

"Nlikusikia."

"Najua. Ulikuwa ukiacha kutwanga."

Mama akaweka mkono kwenye ubawa wa mlango, penye komeo lililopakwa mafuta. "Nlidhani wanisalimu," alisema.

Bibi hakujibu upesi. "Mwanzo nlikuwa nakwambia ukuta unakuja," alisema. "Baadaye ndiyo, nlikuwa nakusalimu." Akampa mkono, mama akauchukua, akainua mguu wake mbovu juu ya kizingiti.